Mama Yao Hakuwatupa

Ilikuwa mwezi wa Februari, na mvua zilikuwa bado zinanyesha hapa kwetu Singida. Tulikuwa tunapalilia alizeti nyuma ya nyumba, sisi akina mama wawili pamoja na watoto wetu, ndipo binti mdogo akapaza sauti: "Mama, njoni muone!"

Katikati ya majani marefu, mahali palipolaliwa pakawa kama kisahani, walikuwa wamejikunyata watoto wawili wa sungura mwitu. Walikuwa na manyoya kamili na macho wazi, lakini hawakutikisika hata kidogo.

Tulitazama huku na huku, mama yao hayupo. "Amewatupa," watoto wakasema, nasi tukakubali. Tukawabeba hadi jikoni, tukawaweka katika boksi na kuwanywesha maziwa ya ng'ombe kwa kijiko. Usiku ule tulilala tukiamini kwamba tumetenda wema.

Asubuhi mmoja alikuwa amekufa. Watoto walilia sana.

Mama mkwe wetu alipokuja kutusalimu alituuliza swali moja tu: "Ninyi mlipokuwa mnanyonyesha, hamkuwaacha watoto mkaenda kisimani? Nani aliwaambia mmewatupa?" Hatukuwa na jibu.

Jioni ile tulimrudisha aliyebaki palepale tulipomtoa, tukafunga mbwa, tukakaa kimya mlangoni mwa jiko. Giza lilipoingia, sungura mkubwa alitokea upande wa mawe. Akasimama, akasikiliza, akasogea. Alinyonyesha kwa dakika chache tu, kisha akaenda zake. Hakuna aliyesema neno, ila binti yetu alitushika mkono kwa nguvu.

Kwa nini humwacha peke yake?

Wengi wetu tunawajua sungura wa kufugwa, ambao asili yao ni Ulaya. Hao huzaa watoto wasio na manyoya, vipofu, ndani ya kiota chenye joto, na macho yao hufunguka baada ya siku kama 10. Sungura mwitu wa mbuga zetu ni wa namna nyingine. Hachimbi shimo. Watoto wake huzaliwa na manyoya, wakiona, na kinga yao ni kutulia tuli majani yakiwaficha. Mama akishinda nao, harufu yake na mwendo wake vitawaonyesha mbweha, paka na ndege wawindaji mahali walipo. Kwa hiyo hukaa mbali mchana kutwa, na kwa kawaida huja mara moja tu kwa siku, giza likiingia. Maziwa yake yana mafuta na protini nyingi kuliko ya ng'ombe, ndiyo maana mlo huo mmoja hutosha.

Ukiwakuta, fanya hivi

Waache walipo, na acha kipande hicho cha majani bila kupalilia kwa muda.

Jembe likiwafunua, wafunike tena taratibu kwa majani. Ukilazimika kuwashika, shika kwa kitambaa, kisha nawa mikono kwa sabuni.

Funga mbwa na paka, hasa jioni.

Usiwape maziwa ya ng'ombe. Huharibu tumbo lao, na mtoto mdogo hupaliwa kwa urahisi.

Akiwa ameumia, mwulize ofisa wanyamapori au mganga wa mifugo. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kukamata mnyama wa porini bila kibali. Mtoto wako akiumwa au kukwaruzwa, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni, kisha mpeleke zahanati.

Sisi tuliacha ukanda ule wa majani kwa wiki tatu. Siku moja tulikuta kile kisahani kitupu, na kando yake majani ya kunde yametafunwa. Hatukuyahesabu kuwa hasara.

Lakini swali la mama mkwe tumebaki nalo. Mara ngapi tumemwona mtoto wa jirani peke yake uani, tukasema mama yake hamjali, kumbe mama yuko mnadani anatafuta unga wa jioni? Akina mama wenzangu, kabla hatujasema "ametupwa," tungoje kwanza jua lizame.