Mbunge ni wa nani? Sauti ya Rutshuru katika Bunge la Taifa



Katika mikutano yetu na familia zilizokimbia vita, na vilevile na machifu wa vijiji na wakubwa wa kamati, swali moja linarudi kila mara: sisi watu wa Rutshuru hatukupiga kura, basi nani atatusemea Kinshasa?

Swali hilo ni la haki. Bunagana ilitekwa na M23 mwezi wa Juni 2022, kisha Rutshuru-centre na Kiwanja mwezi wa Oktoba mwaka uleule. Maelfu ya familia walikimbilia Nyiragongo na Goma. Tarehe 20 Desemba 2023, wakati wananchi wengine walipokwenda kuchagua, tume ya uchaguzi CENI haikuweza kuendesha kura katika teritware za Rutshuru na Masisi, wala Kwamouth kule Mai-Ndombe. Bunge jipya lilipofunguliwa Januari 2024, hapakuwa na mtu hata mmoja aliyechaguliwa na wakaaji wa Rutshuru katika kura ile.

Je, maana yake ni kwamba Rutshuru haina tena sauti? Hapana. Lakini ili kutumia sauti iliyobaki, ni lazima tujue kazi ya mbunge ni ipi.

Mbunge wa taifa anafanya nini?

Kufuatana na Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, Bunge la Taifa lina kazi tatu kubwa:

- kutunga sheria;
- kupiga kura juu ya bajeti ya nchi;
- kuichunguza serikali.

Katika kazi hiyo ya tatu, mbunge anaweza kumuuliza waziri swali kwa mdomo au kwa maandishi, kumwita ajieleze mbele ya wabunge, au kuomba tume ya uchunguzi iundwe.

Mbunge hajengi barabara kwa mkono wake. Haamuru askari. Hakati kesi ya shamba. Na yule anayegawa unga na vitambaa wakati wa kampeni, kisha asiulize swali lolote Bungeni kwa miaka mitano, hajafanya kazi aliyotumwa.

Siasa ya nchi na shida ya kijiji

Wengi wanafikiri kwamba mambo ya Kinshasa ni ya wakubwa, na mambo ya shamba, maji na shule ni yetu. Kwa kweli mambo haya yanaungana. Tuangalie mifano mitatu.

Kwanza, hali ya dharura ya kijeshi. Ilitangazwa Mei 2021 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, na mamlaka ya raia yakahamia kwa wanajeshi na polisi. Kila kuiongezea siku 15 kulihitaji ruhusa ya Bunge. Kura iliyopigwa Kinshasa ilisema nani atatawala hapa kwetu.

Pili, sheria namba 22/065 ya tarehe 26 Desemba 2022. Inahusu ulinzi na fidia kwa watu waliotendewa ubakaji wa kivita na jinai nyingine kubwa. Mama wa Bwito au wa Bwisha aliyeumizwa anaweza kudai haki yake kwa sababu wabunge waliipitisha.

Tatu, mapatano ya amani. Kifungu cha 214 cha Katiba kinasema kwamba mkataba wa amani unathibitishwa kwa njia ya sheria tu, na kwamba hakuna sehemu ya nchi inayoweza kutolewa bila wananchi kuulizwa kwa kura ya maoni. Kwa hiyo kurudi kwetu mashambani kunahusika na mikono inayoinuliwa Bungeni.

Kifungu cha 101

Katiba inasema pia kwamba mbunge wa taifa anawakilisha taifa lote, na kwamba hawezi kufungwa na amri za waliomchagua. Kifungu hiki kina pande mbili. Mbunge mvivu anaweza kujificha nyuma yake: "Mimi ni wa nchi nzima," kisha asirudi nyumbani. Lakini ukikigeuza, kinakuwa mlango kwa asiyepiga kura. Mbunge wa Goma, wa Beni, wa Kasai au wa Kongo ya Kati, wote ni wabunge wako. Vilevile seneta anawakilisha jimbo lake, na Rutshuru imo ndani ya jimbo.

Nchi nyingine zimepanga jambo hilo waziwazi. Kule Uskoti, sehemu ya ufalme wa Uingereza, kuna bunge la Edinburgh tangu 1999. Kila mkaaji ana mbunge 1 wa eneo lake la uchaguzi na wengine 7 wa mkoa wake. Mmoja akishindwa kumsikiliza, anabisha kwa mwingine. Sisi hatuna mpango kama huo, lakini kifungu cha 101 hakitukatazi kubisha kwenye milango mingi.

Haki ya kuandika

Kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani haki ya kuandikia mamlaka ya serikali barua ya madai, peke yake au pamoja na wengine. Mamlaka inapaswa kujibu katika miezi mitatu, na hakuna anayeweza kushtakiwa kwa sababu ya kuandika. Tunawashauri hivi:

1. Chagueni jambo moja: shule iliyofungwa, mashamba yaliyochukuliwa, au uandikishaji wa wapiga kura. Barua yenye mambo kumi haijibiwi.

2. Semeni tukio, mahali na tarehe. Msiandike msiyoyaona au msiyoyahakikisha.

3. Semeni mnachoomba: swali kwa waziri, fungu la pesa katika bajeti, au tume ya uchunguzi.

4. Pelekeni nakala kwa wabunge zaidi ya mmoja. Vikao vya kawaida vinaanza tarehe 15 Machi na tarehe 15 Septemba, na kikao cha Septemba ndicho cha bajeti.

5. Lindeni watu. Sheria ni kitu kimoja, njia yenye bariye ni kitu kingine. Msitembee na orodha ya majina. Kanisa, msikiti au jamii ya raia iliyo mahali salama inaweza kutia sahihi kwa niaba yenu.

Kwa viongozi

Barua iliyotoka kwa kabila moja tu inasomwa kama mashtaka juu ya kabila jingine, na inaweza kuwasha moto. Kabla ya kuandika juu ya shamba, kaeni na jirani anayelidai pia. Mkishindwa kupatana, andikeni maoni ya pande zote mbili. Waiteni wanawake na vijana, kwani wao ndio wanaokwenda kutafuta kuni na maji na wanaijua hatari.

Mwishowe, wekeni nakala na mwandike tarehe barua ilipopokelewa. Miezi mitatu ikipita bila jibu, andikeni tena mkitaja kifungu cha 27. Kura tuliikosa mwaka 2023. Haki ya kudai jibu hatukunyang'anywa.