KAMERA MBILI, MFUKO MMOJA: KIKUNDI KINUNUE IPI?

Katika sharika nyingi za huku kwetu, kuanzia Ilembula hadi Makambako na Njombe mjini, akina mama huweka akiba kidogo kidogo ili kikundi kipate mali yake. Tumenunua viti vya kukodisha, masufuria makubwa ya sherehe, vyerehani. Siku hizi kitu kingine kimeingia katika orodha hiyo, nacho ni kamera. Inaweza kutumika katika ubatizo, Kipaimara na harusi, na ikiwa mikononi mwa mwenye bidii inaweza kuleta senti za ada na sabuni.

Tatizo ni kwamba kamera ni nyingi, na muuzaji husifu ile iliyo mbele yake. Mwezi huu tunazilinganisha mbili ambazo wanaoanza huziulizia, zote za kampuni ya Canon. Moja ni EOS R50, iliyotangazwa Februari 2023. Nyingine ni EOS R100, iliyotangazwa Mei mwaka huohuo. Hatutasema ipi ni bora kuliko nyenzake. Tutauliza: unataka kupiga picha gani?

KWANI SIMU HAITOSHI?

Kwa familia nyingi simu inatosha, na asiye na fedha ya ziada asijisikie vibaya. Lakini sisi tunaofanya kazi wodini tumeona jambo moja mara nyingi. Mama anafariki akiacha watoto wadogo. Baada ya mazishi, bibi aliyewachukua anatafuta picha ya marehemu. Anapata ile ndogo ya kitambulisho, yenye uso uliokunjamana, au anaambiwa kwamba picha zote zilikuwa katika simu iliyoharibika. Mtoto anakua, anaingia darasa la kwanza, siku moja anauliza: "Bibi, mama alikuwa na sura gani?"

Mkoa wetu unalijua swali hilo kuliko mikoa mingi. Utafiti wa kitaifa wa 2011-2012 uliikuta Njombe ikiongoza Tanzania kwa maambukizi ya VVU, kwa asilimia 14.8 ya watu wazima. Ule wa 2022-2023 ulionyesha asilimia 12.7. Tunamshukuru Mungu kwamba leo dawa zipo, na mama anayezimeza bila kukosa huishi akalea wanawe hata wajukuu. Hata hivyo wapo watoto wengi waliolelewa na bibi zao bila kuwa na picha hata moja ya waliowazaa.

Wenzetu wa Uganda walilifikiria jambo hili mapema. Akina mama wa chama cha NACWOLA, wanaoishi na VVU, walianza katika miaka ya 1990 kuwatengenezea watoto wao vitabu vya kumbukumbu. Mama aliandika habari za ukoo, siku mtoto alipozaliwa na vitu alivyopenda, akabandika na picha. Sisi pia tungependa kila mama, mzima au mgonjwa, awe na picha nzuri pamoja na watoto wake, iliyochapwa kwenye karatasi na kutunzwa nyumbani. Kwa kazi hiyo kamera nzuri ni chombo cha huduma kama kilivyo kipimajoto.

KAMERA ISIYO NA KIOO

Kamera kubwa za zamani zilikuwa na kioo ndani, nyuma ya lenzi. Kioo kilipeleka taswira juu kwenye tundu la kuchungulia, na ulipobonyeza kiliruka juu ili mwanga uingie. Ndiyo maana zililia "kla!" ibada nzima ikageuka. Mwaka 2008 kampuni ya Panasonic ilitoa Lumix G1, kamera ya kwanza ya kubadilisha lenzi ya mfumo wa sasa isiyo na kioo hicho. Bila kioo kamera ilikuwa ndogo na nyepesi. Tena unachokiona katika skrini ndicho utakachopata: picha ikiwa na giza, unaona kabla hujabonyeza.

R50 na R100 ni za ukoo huo. Kila moja ina uzito wa chini ya gramu 400 ikiwa na betri na kadi, yaani pungufu ya nusu kilo ya sukari. Sehemu yake ya kupokea mwanga ina upana wa takriban milimita 22 kwa 15, kubwa mara nyingi kuliko ile ya simu. Hiyo ndiyo siri ya picha safi mahali penye mwanga hafifu.

ZINAFANANA WAPI?

Zinafanana kuliko muuzaji atakavyokuambia. Zote mbili zinatoa picha za megapikseli 24. Picha ya mtu aliyetulia, iliyopigwa na R50, ukiiweka mezani pamoja na ya R100, zote zimechapwa kwa ukubwa wa kutundika ukutani, hutajua ipi ni ipi. Zinatumia lenzi zilezile na betri ileile, inayoitwa LP-E17. Zote zina flashi ndogo ndani, tundu la kuchungulia na tundu la kuchomekea maikrofoni. Zote zinaweza kutafuta uso wa mtu na jicho lake na kulilenga zenyewe.

ZINATOFAUTIANA WAPI?

Tofauti kubwa ya kwanza ni mwendo. R100 inaweza kupiga picha 6.5 kwa sekunde kama mtu ametulia. Ukitaka imfuate mtu anayetembea huku ikilenga upya kila mara, inashuka hadi 3.5. R50 inafika picha 12 kwa sekunde, na ulengaji wake ni wa kisasa zaidi. Kwa kwaya inayoingia kwa madaha au mtoto anayekimbiza kuku, R50 itakupa nyingi zilizo kali, na R100 itakupa chache.

Ya pili ni skrini. Ile ya R50 inafunguka pembeni na kugeuka, tena unaigusa kama simu. Unaweza kuiweka kamera chini, usawa wa macho ya mtoto anayetambaa, bila kulala sakafuni na vitenge vyako. Skrini ya R100 imekaa palepale na haiguswi. Kila kitu ni kwa vitufe. Aliyezoea simu atasumbuka wiki ya kwanza, halafu atazoea.

Ya tatu ni vidio. R50 hupiga vidio ya 4K kwa upana wote wa picha, na inaweza kuendelea hadi saa moja. R100 ikiwekwa kwenye 4K hukata pembeni na kulenga kwake kunakuwa kwa polepole. Ikiwekwa kwenye Full HD inafanya vizuri, ila kila kipande hakizidi dakika 30.

FEDHA IKAE MEZANI

Katika Luka sura ya 14 Bwana Yesu alimtaja mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye kwanza huketi na kupiga hesabu. Nasi tuketi. Zilipotangazwa Marekani, R50 pamoja na lenzi yake ndogo ya 18-45 iliwekewa bei ya karibu dola 800. R100 pamoja na lenzi hiyohiyo iliwekewa karibu dola 600. Bei za madukani kwetu hutofautiana kwa ushuru na usafiri, lakini angalia ile tofauti ya dola 200. Kuna lenzi inayoitwa RF 50mm f/1.8, nayo ilitolewa mwaka 2020 kwa takriban dola 200.

Kwa hiyo kwa fedha ileile kikundi kinaweza kupata R50 yenye lenzi moja, au R100 yenye lenzi mbili. Hilo ndilo chaguo lenyewe.

Na lenzi hiyo ya pili si pambo. Lenzi ya 18-45 ikivutwa hadi mwisho, tundu lake hufunguka hadi namba 6.3 tu. Ile ya 50 hufunguka hadi 1.8, na namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa. Kwa hesabu, inapitisha mwanga mara 12 hivi. Ndani ya nyumba yenye dirisha moja, au kanisani jioni, lenzi yenye giza huilazimisha kamera iache mlango wake wazi kwa muda mrefu, picha ikatetema, au ipandishe nguvu ya kupokea mwanga, picha ikajaa chembechembe. Lenzi ya 50 inakuokoa na yote mawili, na nyuma ya mtu inalainika uso ukajitokeza. Kasoro yake ni kwamba haioni upana. Ndugu 12 katika sebule ndogo hawataingia. Hapo rudisha ile ya 18-45.

KILA PICHA NA CHOMBO CHAKE

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Ni kweli kwa mvivu, lakini hakuna mama anayekwenda kukata kuni kwa jembe. Sisi tunaona hivi:

1. Mama na mtoto, wazee, ubatizo, picha za kitambulisho. Watu wametulia, nyuso ndizo zinazohitajika, mwanga ni wa ndani. R100 na lenzi ya 50 inatosha kabisa, na hapa inaishinda R50 yenye lenzi ndogo peke yake.

2. Kwaya, michezo ya shule, watoto wadogo wanaocheza. R50. Kama mnakaa mbali na jukwaa, kuna lenzi ya 55-210 ya kuvuta karibu, ila ni ya mchana kweupe, haipendi giza.

3. Harusi za kulipwa, zenye picha na vidio. R50. Bibi harusi haingii mlangoni mara mbili. Lenzi ya 50 ifuate mara kikundi kitakapopata faida ya kwanza.

4. Kumbukumbu za nyumbani tu. Baki na simu yako. Chagua picha 10 kila mwaka, zipeleke studio Makambako au Njombe zikachapwe, ziweke katika albamu.

Kwa kikundi ambacho lengo lake ni lile la kwanza, yaani kila mama apate picha na wanawe, sisi tungenunua R100 na lenzi ya 50, bila kuona haya kwamba ni kamera ya bei ya chini. Kwa kikundi kinachotegemea kuingia katika biashara ya harusi, kuipunguzia kazi hiyo fedha ni kujitafutia lawama.

KABLA HUJALIPA, NA BAADA YA KULIPA

Usimalize akiba yote kwenye kamera. Tenga fedha ya betri ya pili, kadi mbili, mfuko mzuri na diski ya kuhifadhia picha. Dukani omba kadi iwekwe, piga picha 20, zitazame. Dai risiti na dhamana. Ukitaka flashi ya nje, ijaribu juu ya kamera yenyewe, maana si kila flashi inapatana na kila kamera.

Kamera hizi hazikukingwa dhidi ya vumbi wala mvua, na vumbi la Ilembula la Septemba mnalijua. Usibadilishe lenzi barabarani au shambani. Ingia ndani, elekeza mdomo wa kamera chini, badilisha upesi. Nayo baridi ya Juni na Julai huchosha betri, basi ile ya akiba iweke mfukoni karibu na mwili. Ukitoka kwenye ukungu wa asubuhi na kuingia chumba chenye moto wa mkaa, iache kamera ndani ya mfuko uliofungwa kwa nusu saa hivi ipate joto polepole. Usipofanya hivyo itatoa jasho kama glasi ya maji baridi.

Andikeni pia daftari: nani ameichukua, siku gani, kalipwa nini. Chombo cha wote kisicho na daftari huvunja vikundi.

RUHUSA KWANZA

Neno hili tunalisema kama wauguzi. Mgonjwa kitandani hapigwi picha kwa sababu tu umekuja na kamera na maombi. Mwombe yeye, na wodini uwaombe pia wahudumu. Akisema hapana, ifunge kamera, endelea kumwombea. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inalinda habari za mtu, na picha inayomtambulisha ni mojawapo. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye anayeruhusu. Usiweke mtandaoni picha ya mtoto yatima pamoja na jina lake na shule yake, hata kama nia ni kumtafutia wafadhili. Mtoto huyo atakua, na picha ile ataikuta.

Mama anayeishi na VVU anapokuja kupigwa picha na wanawe, asikae kwenye foleni yake peke yake. Wapigwe wote pamoja: wazima, wagonjwa, wajane na mabibi arusi wa juzi. Hapo hakuna atakayenyooshewa kidole, na hakuna atakayekosa.

Mwezi ujao kikundi chako kitakapokutana, kabla ya kutaja jina la kamera yoyote, kila mmoja aandike kwenye karatasi picha tano anazotaka zipigwe mwaka huu. Zisomeni pamoja. Karatasi hizo zitawaambia mnunue ipi, au kama hamhitaji kununua kabisa. Bwana azibariki akiba zenu na mikono itakayozitumia.