Mukaba wa dinamo: usikaze kupita kipimo

Wababa na vijana wenye kutunza motokari nyumbani: ukiwasha asubuhi na mukaba unalia, ao usiku taa zinapunguka nguvu, usikimbilie kununua bateri mupya. Mara nyingi mukaba umelegea tu, dinamo haichaji vizuri. Lakini usingoje: bateri ikiisha usiku barabarani, na mugonjwa ndani, ni mateso. Tena katika motokari nyingi mukaba ule ule unazungusha pompi ya maji.

Zima motere, ingoja ipoe, toa ufunguo. Watoto wakae mbali. Mukaba wenye nyufa ao mafuta, badilisha. Ukiwa muzima, legeza bulo mbili za dinamo, ya chini na ile yenye kupita katika tundu refu. Sukuma dinamo inje kwa kipande cha muti, pole pole, kisha kaza bulo zote. Bonyeza mukaba kwa kidole gumba katikati ya sehemu ndefu: ushuke karibu sentimeta 1.

Vijana wetu (nguvu wanazo!) wanakaza mpaka mukaba unakuwa kama waya ya gitaa. Hapo wanaua rulema ya dinamo. Mukaba mupya unalegea kisha siku chache, pima tena.