Fahamu: Kushindwa ugenini mapema, je, ni dalili ya msimu mbaya?

Timu ya besiboli inaposhindwa ugenini katika siku za awali za msimu, mashabiki wake huko Marekani hughadhibika, wakamlaumu meneja na kuwashutumu warushaji wa akiba, kana kwamba msimu wote umekwisha kuharibika.

Sehemu ya uchungu huo hutokana na kanuni yenyewe: kwa kuwa mgeni hutangulia kupiga na mwenyeji hupiga mwisho, timu ngeni, ijapokuwa inaongoza hadi awamu ya tisa, yaweza kupokonywa ushindi kwa pigo moja tu, wala isipate tena fursa ya kujibu.

Lakini hesabu hutaka subira, kwani kila timu ya Ligi Kuu ya besiboli hupangiwa michezo 162, na nusu yake, yaani 81, huwa ugenini.

Ithibati ni Washington Nationals wa mwaka 2019, ambao katika michezo 50 ya kwanza walishindwa 31, wengi wakawakatia tamaa. Hatimaye walitwaa ubingwa kwa kuwashinda Houston Astros michezo minne kwa mitatu katika mfululizo wa fainali, na yote minne waliishinda ugenini.

Hata hivyo, hofu si batili daima: Baltimore Orioles wa mwaka 1988 walianza kwa kushindwa mara 21 mfululizo, wakamaliza msimu wameshindwa 107.

Basi mchezo mmoja si hukumu. Dalili ya kuhofiwa ni kosa lile lile linalorudiwa wiki baada ya wiki.