Upinde Hauchoshwi na Miaka

Upinde uliotundikwa ndani kwa miaka 20 unaweza kuvutika kwa nguvu ileile uliyokuwa nayo siku ulipoangikwa. Uliochongwa mwaka jana unaweza kuwa umekwisha. Kinachoamua ni jinsi mti wake ulivyotumiwa na kutunzwa, na kwa anayeishi Mgeta, kwenye ukungu na manyunyu ya milima ya Uluguru, adui wa kwanza ni unyevu.

Upinde ukivutwa, mgongo wake, yaani upande unaoelekea shabaha, hutanuliwa, na tumbo lake hubanwa. Mti huvumilia zaidi kutanuliwa kuliko kubanwa, kwa hiyo tumbo ndilo hutangulia kuchoka. Nyuzi za mti hujikunja ndani kwa ndani na hazirudi tena, na upinde hubaki umejipinda hata ugwe, yaani kamba yake, ukifunguliwa. Hapo nguvu imepungua kweli, kwa sababu ugwe huanza kuvutwa ukiwa umelegea kuliko zamani. Sehemu kubwa ya kilema hicho huingia upinde ungali mpya. Baadaye hali hutulia, isipokuwa kwa mwenye kuuacha umefungwa ugwe usiku na mchana, au kuuvuta kupita kiasi chake cha kawaida.

Sasa unyevu. Mti uliokauka vizuri hubaki na maji kama asilimia 12 ya uzito wake mkavu. Hewa ya masika huyapandisha, na kila asilimia 1 ikiongezeka, ugumu wa mti hushuka kwa takriban asilimia 2. Maji yakifika asilimia 18, upinde wa kilo 25 utavutwa kwa kilo 22 hivi. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi huwinda kwenye nchi kavu, na nyugwe zao ni za kano za wanyama. Upinde wa huko ukiletwa Mgeta wakati wa mvua utalegea ndani ya wiki chache, mti na kano pamoja, bila kuzeeka hata kidogo. Ukikauka, nguvu hurudi. Hasara ya kudumu humpata anayeuvuta ungali na unyevu, maana mti laini hujipinda upesi.

Ushahidi wa maji ya muda mrefu upo Uingereza. Meli ya kivita Mary Rose ilizama mwaka 1545 na kuibuliwa mwaka 1982, ikiwa na pinde nzima zaidi ya 130. Zilizojaribiwa zilivutika kwa nguvu ndogo kuliko unene wake unavyoonyesha, kwa kuwa bahari ilikuwa imeula mti kutoka ndani.

Wala ukavu usizidi. Moshi wa jikoni hufukuza wadudu, lakini mti uliokaa karibu na moto huwa mkavu mno, na ukivutwa unaweza kupasuka.

Kwa hiyo, mwenye upinde wa babu asiutupe kwa sababu ya umri. (Kuwinda katika hifadhi ya Uluguru ni marufuku, nazungumzia shabaha na kumbukumbu ya ukoo.) Ukague kama una nyufa au matundu ya wadudu. Ukiwa mzima, uweke wiki kadhaa mahali pakavu penye hewa, ugwe umefunguliwa. Kisha ufunge ugwe, uuangike ugwe huo kwenye ndoano ya mizani, uuvute upinde polepole hadi umbali uliouwekea alama, uandike kilo. Rudia kiangazi kijacho kwa alama ileile. Kilo hizo ndizo zitakazokuambia kama upinde umechoka.