“Subiri” Peke Yake Si Somo

Katika mikutano ya wazazi ninayoalikwa kuzungumzia afya ya uzazi, kabla sijafika mbali mkono unanyooshwa: “Sasa daktari, mkiwafundisha watoto kondomu, si ndiyo mmewaruhusu?” Ukumbi unapiga makofi, muulizaji anakaa akiwa ameshinda. Swali lenyewe halinikeri. Linalonikera ni kwamba lilishajibiwa zamani, na bado linaulizwa kana kwamba limezaliwa leo asubuhi.

Jibu ni hapana. Mwaka 2009 UNESCO ilitoa mwongozo uliopitia tafiti za programu za elimu ya ujinsia katika nchi tajiri na maskini. Kati ya programu zilizopimwa kama zinabadilisha umri wa kuanza ngono, zaidi ya theluthi moja zilichelewesha vijana kuanza. Zilizobaki hazikubadilisha kitu. Iliyowaharakisha haikupatikana hata moja. Yaani hofu inayopigiwa makofi kila mkutano imetafutwa kwa tochi na haikuonekana.

Na hao wanaosema “wafundisheni kujizuia tu” wasidhani hilo halijajaribiwa. Limejaribiwa kwa fedha nyingi. Marekani ilitathmini programu zake nne za kuhubiri kujizuia tu, na ripoti ikatoka 2007. Vijana waliopitia programu hizo na wale ambao hawakupitia walikuwa sawa: karibu nusu katika kila kundi hawakuwa wameanza ngono, na walioanza, wastani wa umri wao ulikuwa uleule, miaka 14.9. Huku kwetu Afrika kusini mwa Sahara, serikali hiyohiyo ilitumia zaidi ya dola bilioni 1.4 kati ya 2004 na 2013 kuhimiza kujizuia na uaminifu katika kupambana na UKIMWI. Watafiti wakalinganisha nchi 14 zilizopokea fedha hizo na nchi 8 ambazo hazikupokea. Umri wa kuanza ngono, idadi ya wapenzi, mimba za utotoni: hawakuona tofauti ya maana.

Mzazi mwingine ataniambia mambo haya si ya Mwafrika. Bibi zetu waliokuwa na makungwi watashangaa kusikia hivyo. Mwali alikuwa anafundishwa waziwazi, na mtu mzima aliyepewa kazi hiyo. Tulichokifanya sisi ni kumwondoa kungwi, tukaweka kimya, halafu kimya tukakiita maadili.

Kimya hicho hakibaki kitupu. Weka boksi darasani, waambie wanafunzi waandike maswali bila majina, halafu uyafungue. “Mara ya kwanza mimba inashika?” “Ukirukaruka baada ya tendo, si zinatoka?” “Nikioga maji ya baridi haraka?” Anayeuliza habari ya kurukaruka hakuharibiwa na mtaala. Ameshafundishwa, na mwalimu wake ni mwenzake wa dawati la nyuma. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba nchini Tanzania wasichana 22 kati ya kila 100 wenye miaka 15 hadi 19 walishapata mimba. Hawakupewa mimba na kitabu. Unapomfundisha mtoto kuvuka barabara hakuna anayekulaumu kwamba umemtuma kwenye magari.

Sasa nitawaudhi na wa upande wangu. Kumwaga maarifa peke yake pia si dawa. Mkoani Mwanza, mradi wa MEMA kwa Vijana ulianza kufundisha shuleni mwishoni mwa miaka ya 1990. Wanafunzi walielewa zaidi na hawakuharibika, lakini maambukizi ya VVU na mimba havikupungua, hata walipopimwa tena miaka mingi baadaye. Somo zuri linalorudi kijiji kilekile, kwa wanaume walewale na umaskini uleule, lina kikomo.

Kinachosaidia ni kusema jambo mahususi. Mwaka 2004, magharibi mwa Kenya, eneo la Bungoma na Butere-Mumias, utafiti wa mwanauchumi Pascaline Dupas ulipeleka mgeni katika shule za msingi 71, darasa la nane. Dakika 40 tu. Mgeni aliwaonyesha wanafunzi filamu fupi, akawauliza wakisie ni nani wana VVU zaidi, kisha akaandika ubaoni viwango vya maambukizi kwa umri na jinsia. Wasichana wakajionea wenyewe: kijana wa rika lao ana hatari ndogo, baba mwenye gari na hela ya chipsi ana hatari kubwa. Hakuwaambia subirini, wala hakuwaambia fanyeni. Mwaka uliofuata, mimba katika shule hizo zilikuwa pungufu kwa asilimia 28. Mafataki, wanaume wazima wanaowarubuni wasichana, walikosa soko. Wakati huohuo, kuwafunza walimu mtaala wa kawaida uliosisitiza kujizuia hakukupunguza mimba. Na katika utafiti mwingine wa eneo hilohilo, kuwapa watoto sare za shule bure kulipunguza kuacha shule na mimba. Sare! Hakuna aliyewahi kuipigia makofi sare.

Kwa hiyo fundisheni vyote viwili, kusubiri na kujikinga, na kwa ufupi ni hivi. Darasa la nne na la tano: mwili, hedhi, mguso mbaya, na jinsi ya kukataa kwa sauti na kumwambia mtu mzima. Darasa la saba na kidato cha kwanza: mimba inavyotungwa, VVU, nani ana hatari, na kwamba kusubiri ndiyo kinga ya uhakika kuliko zote. Kondomu: angalia tarehe, usifungue kwa meno, mpya kila mara. Kidonge cha P2 cha kuzuia mimba ni cha dharura, kinamezwa mapema ndani ya siku tatu, hakizuii VVU, na si cha kumeza kila wikiendi. Aliyebakwa aende hospitali ndani ya saa 72 bila kuoga, apewe dawa za kuzuia VVU. Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, dozi moja, bure: mpelekeni. Ulizeni zahanati yenu kama ina huduma rafiki kwa vijana, na kama inafunguliwa baada ya masomo. Na binti akishika mimba, waraka wa Wizara ya Elimu wa Novemba 2021 unamruhusu kurudi shuleni baada ya kujifungua. Mwalimu mkuu akikuambia nafasi imejaa, mwombe akuandikie hivyo kwa barua, na mhuri juu yake.