Sarakasi ya Mamilioni Katika Mtaa wa Michezo ya Kuigiza

Tangu zamani sarakasi ni jambo la kupita. Hema husimamishwa uwanjani, muziki hupigwa, watoto huwasumbua wazazi wao kwa siku kadhaa wakiomba fedha za kiingilio, kisha asubuhi moja watu huamka na kukuta majani yaliyolala na matundu ya vigingi tu. Jumba la michezo ya kuigiza ni kinyume cha hayo. Hilo halihami. Lina mwenyewe, lina kodi, lina jirani zake, na lina watu wanaoingia humo wakiwa na matarajio yao tayari. Je, vitu hivi viwili vyaweza kukaa nyumba moja? Swali hili limekwisha kujaribiwa mara nyingi katika jiji la New York, nchini Marekani, na kila jaribio limegharimu fedha ambazo zingetosha kujenga shule nyingi.

Mtaa unaozungumzwa hapa ni Broadway. Jumba huhesabiwa kuwa la Broadway likiwa na viti 500 au zaidi, na majumba ya namna hiyo yapata 41, karibu yote yamesongamana kandokando ya uwanja wa Times Square. Mengi yalijengwa mwanzoni mwa karne ya 20. Jukwaa lake ni kama dirisha kubwa: watazamaji wote huketi upande mmoja na kutazama ndani. Sarakasi, kwa upande wake, ilizaliwa katika duara. Mwaka 1768 Mwingereza Philip Astley alianza kuonyesha ufundi wa kupanda farasi mjini London, akatambua kuwa farasi akikimbia kwa mzunguko, mpandaji aweza kusimama mgongoni pake bila kuanguka. Duara la sarakasi lenye upana wa meta 13 hivi latokana na farasi huyo. Basi tangu mwanzo, mmoja alitazamwa kutoka pande zote, na mwingine kutoka mbele tu.

Majaribio ya kuziunganisha fani hizi mbili si ya leo wala jana. Mwaka 1905 Frederic Thompson na Elmer Dundy walifungua jumba la Hippodrome huko New York, lenye viti zaidi ya 5,000, na onyesho lao la kwanza lilihusu sarakasi iliyokwenda sayari ya Mihiri. Watu walimiminika. Lakini gharama nazo zilimiminika, na kabla ya miaka miwili kupita waasisi hao walikuwa wamekwisha kunyang’anywa uongozi. Mwaka 1935 tajiri wa burudani Billy Rose alilifufua jumba hilo kwa mchezo wa nyimbo ulioitwa Jumbo, wenye tembo wa kweli na nyimbo za Rodgers na Hart. Ulifungwa mwaka 1936, na mwaka 1939 jumba lenyewe likabomolewa. Tembo, ndugu msomaji, hula kila siku, tiketi ziuzwe zisiuzwe.

Katika zama zetu jina linalotajwa zaidi ni kampuni ya Cirque du Soleil. Ilianzishwa mwaka 1984 katika jimbo la Quebec, nchini Kanada, na wachezaji wa barabarani. Mmoja wao, Guy Laliberté, alikuwa akipiga akodiani na kula moto. Kampuni hiyo iliachana na simba na tembo, ikaweka mbele mwili wa binadamu, mavazi, muziki na taa. Kwanza ilitumia hema. Mwaka 1993 ikapata makao ya kudumu Las Vegas, na mwaka 1998 ikafungua humo onyesho linalochezwa ndani na juu ya bwawa la maji, ambalo lingali likiendelea.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, nami ningependa tukae kidogo. Las Vegas ni mji wa mahoteli na kamari. Mwenye hoteli anapojenga ukumbi wa sarakasi, hatazami mlango wa ukumbi peke yake. Anajua kuwa mtu aliyekuja kutazama wanasarakasi atalala hapo, atakula hapo, na aghalabu atapoteza fedha mezani kabla ya kulala. Ukumbi hujengwa kwa kipimo cha onyesho moja tu: paa hupandishwa juu kadiri inavyohitajika, mashine huzikwa chini ya sakafu, na kila kitu hukaa mahali pake kwa miaka 20. Mgeni naye hukaa siku 3 au 4, kisha huondoka na mwingine huja. Onyesho halimhitaji mtazamaji yule yule arudi.

Broadway haina neema hiyo. Mwenye mchezo hupanga jumba la mtu, hulipa kodi pamoja na sehemu ya mapato, hulipa mafundi na wanamuziki kwa viwango vya vyama vyao vya wafanyakazi, na kila wiki huhesabu maonyesho 8. Mapato ya wiki yasipofikia gharama za wiki, hakuna meza ya kamari itakayoziba pengo.

Mwaka 2010 Cirque du Soleil ilileta New York onyesho la vichekesho, Banana Shpeel, katika jumba la Beacon, ambalo liko mbali kidogo na mtaa wenyewe. Onyesho lilikwisha kujaribiwa Chicago likapokewa vibaya, tarehe ya ufunguzi ikasogezwa zaidi ya mara moja, na baada ya kufunguliwa mwezi Mei lilifungwa mwezi Juni mwaka huo huo. Mwaka 2011 na 2012 kampuni ilileta Zarkana katika ukumbi wa Radio City, wenye viti vipatavyo 6,000, kisha ikalihamishia Las Vegas. Huko Hollywood, onyesho la Iris lilianza mwaka 2011 katika jumba linalotolewa tuzo za Oscar. Lilitarajiwa kudumu miaka 10. Lilifungwa Januari 2013.

Hata hivyo kampuni haikukata tamaa. Mwaka 2016 iliingia Broadway yenyewe kwa Paramour, mchezo uliogharimu dola milioni 25. Safari hii walijaribu kutii ada za mwenyeji: walitunga hadithi ya mapenzi kuhusu msichana mwimbaji, mwelekezi wa filamu na mpiga kinanda, katika Hollywood ya zamani. Waliweka nyimbo, waliweka maneno, na juu ya hayo wakaweka wanasarakasi. Kulikuwa hata na vivuli vya taa vilivyoruka vyenyewe hewani kwa mitambo midogo.

Wahakiki wengi hawakuridhika, na kwa maoni yangu walikuwa na haki. Mpenzi anaposimama kuimba siri ya moyo wake huku nyuma yake watu wawili wananing’inia kwa mikanda juu ya vichwa vya watazamaji, nani atasikiliza siri hiyo? Jicho la binadamu hufuata hatari. Mwili ulio hewani huondoa maana ya neno lililo mdomoni, isipokuwa neno na mwili vinasema jambo moja. Mwalimu yeyote aliyewahi kufundisha darasa ambalo nje ya dirisha lake kuna fundi juu ya paa anajua ninachosema.

Paramour ilichezwa katika jumba la Lyric, barabara ya 42, lililokuwa na viti karibu 1,900, miongoni mwa majumba makubwa kabisa ya Broadway. Jumba hilo lilikuwa limetoka kubeba msiba mwingine: mchezo wa Spider-Man, uliogharimu dola zipatazo milioni 75, ambamo wachezaji kadhaa waliumia kwa kuanguka na kugongwa, na ambao ulifungwa Januari 2014 bila kurudisha mtaji wake. Paramour nayo ilifungwa Aprili 2017, kabla ya mwaka mmoja kutimia tangu ufunguzi rasmi, na mwaka 2019 ikahamia Hamburg, Ujerumani. Mchezo wa Harry Potter ulipoingia mahali pake mwaka 2018, jumba lilikuwa limejengwa upya ndani, na viti vikapunguzwa hadi 1,622.

Mtu aweza kusema basi jibu limepatikana, sarakasi na irudi hemani. La, si hivyo. Mwaka 2013 mchezo wa Pippin, uliotoka mara ya kwanza mwaka 1972, ulirudishwa Broadway ukiongozwa na Diane Paulus, na sehemu ya sarakasi ikatungwa na Gypsy Snider wa kikundi cha Les 7 Doigts cha Montreal. Hadithi yenyewe ni ya kikundi cha wachezaji wanaomshawishi kijana kutenda jambo la hatari. Hivyo sarakasi haikubandikwa juu yake, bali ndiyo iliyokuwa ulimwengu wake. Bibi wa kijana huyo alichezwa na Andrea Martin, mwenye umri wa miaka 66 wakati huo, akaimba huku akining’inia kwenye bembea. Watu walisimama kumshangilia, naye akapata tuzo ya Tony. Mchezo huo uligharimu chini ya dola milioni 10, ukarudisha mtaji wake kabla ya mwaka 2013 kwisha, na ukaendelea hadi Januari 2015. (Akina bibi wa nyumbani wanaoambiwa wakae tu kitini na wasikie habari hii.)

Lakini ufundi mzuri nao si kinga ya kutosha. Mwaka 2024 mchezo wa Water for Elephants, wenye hadithi ya sarakasi yenyewe, uliingia Broadway. Tembo wake walikuwa vikaragosi, na wanasarakasi waliongozwa na Shana Carroll wa kikundi kile kile cha Montreal. Wahakiki wengi waliusifu. Ulifunguliwa Machi, ukafungwa Desemba mwaka huo huo bila kurudisha mtaji. Familia ya watu 4 inayotoka mbali kuja New York, ambako kiti kizuri huzidi dola 100 kwa mtu mmoja, huchagua onyesho moja, labda mawili. Aghalabu huchagua lile ambalo nyimbo zake watoto wanazijua tangu nyumbani.

London imetafuta njia nyingine. Tangu mwaka 1996 Cirque du Soleil hufika Royal Albert Hall mara kwa mara wakati wa baridi, hucheza wiki kadhaa, hufunga mizigo na kwenda zake. Ukumbi huo ni wa mviringo, nao uko mbali na mtaa wa michezo ya kuigiza wa mji huo. Mgeni wa msimu halipi kodi ya mwaka mzima, wala watu hawapati nafasi ya kumchoka.

Mambo haya yanatuhusu kuliko tunavyodhani, kwa kuwa vijana wa Kenya na Tanzania wanaojenga piramidi za watu na kuruka katika duara huajiriwa na sarakasi za Ulaya, Asia na Amerika. Onyesho kubwa likianguka, mkataba nao huanguka. Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga kumbi zote, Cirque du Soleil peke yake iliwasimamisha kazi watu 4,679, yaani asilimia 95 ya wafanyakazi wake. Mwanasarakasi wa miaka 30 aliyerudishwa nyumbani hana miaka mingi ya kungoja pazia lifunguliwe tena.

Mjini Nairobi, katika mtaa wa Ngara, lilikuwako jumba la sinema lililojulikana kwa jina la Shan. Shirika la Sarakasi, lililoanzishwa mwaka 2001, lililichukua jumba hilo na kulifanya ukumbi wake wa mazoezi na maonyesho. Hakuna bwawa humo wala vivuli vya taa vinavyoruka. Kuna sakafu, kuna paa la juu la kutosha, na kuna vijana wanaojifunza kusimama mabegani mwa wenzao.